Saa Kumi na Dakika Nne

Kanuni niliiandika mwenyewe, mwezi wa tisa,
majani yakiwa mekundu kando ya Androscoggin:
*Zabuni zitapokelewa hadi saa kumi jioni.
Itakayochelewa itarudishwa bila kufunguliwa.*
Lorraine Thibodeau, mwenyekiti wetu, aliisoma mara mbili,
akasema: Weka nukta hapo. Usiongeze neno.
Nikaweka nukta.

Sasa ni Januari, Lewiston, theluji imefika vizingitini.
Sisi ni kaya elfu tatu na ushee
tulioamua kujinunulia umeme wetu,
wa jua, wa upepo, wa maji ya mto huu
uliozungusha vinu vya nguo enzi hizo
na faida ikapanda treni kwenda kwingine.
Hatuna mitambo. Hatuna hata nguzo moja.
Tuna meza, muhuri, kabati lenye kufuli,
na haki ya kuuliza: senti ngapi, kwa miaka mingapi,
na jua likigoma, nani atalipa?

Bahasha tatu mezani. Ile ya Boston nene kama kamusi.
Wakili Gendron anapangusa miwani.
Halimo Warsame, anayebeba bili za wazee wa Mtaa wa Lisbon
kwenye mfuko mmoja na vitunguu,
anahesabu kwa vidole: saba na nusu, nane.
Nusu senti, anasema, si nusu senti.
Ni dawa ya mtu ya mwezi mzima.

Kisha mlango.
Roland Ouellette, mfuga ng'ombe aliyepanda paneli malishoni
akawaachia kondoo majani ya chini yake,
ndevu zimeganda, bahasha kwapani.
Lori lilinasa, anasema, pale darajani.

Naitazama saa ya ukutani. Naitazama ya mkononi.
Hata ya simu. Zote zimekula njama.

Roland ndiye aliyenifundisha mimi, mtoto wa Uvira,
kuwasha gari asubuhi ya baridi bila kulitukana.
Anajua hivyo. Chumba kizima kinajua.
Lorraine anasoma karatasi isiyo na maandishi.

Uvira umeme ulikuwa mgeni wa usiku,
haubishi hodi, hauagi,
na zabuni lilikuwa jina jingine la shemeji.
Bahasha zilifunguliwa sebuleni kwa mtu
mshindi akiwa ameshakula na kunawa.
Sikuvuka maji yote yale
nije niwe sebule.

Nikagonga muhuri: IMECHELEWA.
Wino ulikuwa hafifu. Nikagonga tena,
na hilo la pili ndilo lililoniuma.

Roland hakupaza sauti. Aliuliza tu
mnada mwingine ni lini.
Mwezi wa tisa, nikasema.
Basi nitalala mlangoni.
Akaivaa kofia yake, na bahasha yake, akatoka.

Tulichukua ya senti nane, miaka kumi na mitano.
Kifungu cha kumi na nne kilinijia kwa vina, usiniulize kwa nini:

Jua likigoma wima, wiki mbili mawinguni,
muuzaji atapima, pengo lote la gridini,
alijaze kwa lazima, si kwa bei ya sokoni,
bei ni ile ya nyuma, tulotilia saini.

Wakili akakivua vina, akakivalisha suti,
kikatoka ukurasa mmoja na robo.
Maana ni ileile. Halimo aliomba cha kwangu,
akakibandika pale anapohifadhi bili.

Usiku jokofu langu linanguruma.
Bei ya kila mngurumo naijua,
nimeitia saini ukurasa wa mwisho, chini ya Lorraine.
Ile iliyokuwa kwapani mwa Roland siijui.
Pengine saba. Pengine tisa, nilale.

Alfajiri gari linakataa kuwaka.
Nalisubiri. Silitukani.